Mahali pa Ngazi

Katika nyumba ya orofa, kitu kinachotumiwa na watu wote wala hakimilikiwi na mtu yeyote ni ngazi. Chumba kina mwenyewe, kitanda kina mwenyewe, na hata kiti cha barazani, ingawa hakikuandikwa jina, kila mtu ajua ni cha nani. Ngazi haina mwenyewe. Mtoto huipanda mbio, mzee huipanda kwa kutua, mgeni huipanda kwa haya, na mwizi, Mungu apishe mbali, huipanda kwa ncha za vidole. Yamkini kwa sababu hiyo watu wanaopanga nyumba huisahau mpaka mwisho, kisha wakaikumbuka kila siku ya maisha yao baada ya kuhamia.

Msomaji wangu, huenda wewe hujapata kujenga nyumba, na huenda ikapita miaka 20 kabla hujaanza. Hilo si kitu. Wewe sasa u katika kidato cha pili au cha tatu, na neno hilo kidato, ambalo umelizoea shuleni, ni neno la ngazi. Sisi watu wa pwani tunalo pia katika mnazi: kidato ni pengo ambalo mgema hulichonga katika shina la mti apate mahali pa kutia mguu. Mgema huchonga vidato vyake kwa kadiri ya miguu yake mwenyewe, maana ndiye atakayepanda asubuhi na jioni. Mtu mwingine akiujaribu mnazi ule, aweza kuona vidato viko mbali mno, akabaki ameukumbatia mti, hajui aende juu au arudi chini. Katika shamba la minazi jambo hili si kosa. Katika nyumba ya jamaa ni kosa kubwa, kwa kuwa wapandaji ni wengi na miguu yao haifanani.

Nitakueleza jinsi sisi tulivyotafuta mahali pa ngazi yetu, kwa sababu kazi hiyo, ambayo nilidhani ni ya fundi peke yake, iligeuka kuwa shauri la jamaa nzima.

Marehemu baba alituachia kiwanja Likoni, ng'ambo ya kivuko, chenye upana wa mita 12 na urefu wa mita 20. Mimi na ndugu yangu tuliazimia kujenga hapo nyumba moja ya kutuweka sote. Wa kwanza alikuwa mama, mwenye umri wa miaka 74, ambaye goti lake la kulia limekuwa hasimu yake. Kisha mimi na mke wangu na watoto wetu wanne, mkubwa akiwa binti wa miaka 16 na mdogo mvulana wa miaka 3. Kisha ndugu yangu, ambaye siku zile alikuwa amekwisha posa. Watu walikuwa wengi na ardhi ni kidogo, kwa hiyo hapana budi kwenda juu.

Mchora ramani alipokuja, swali lake la kwanza lilikuwa, “Mwataka vyumba vingapi?” Tukavihesabu: vyumba vya kulala sita, sebule, jiko, misala mitatu. Hakuna aliyetaja ngazi. Baada ya majuma mawili alituletea karatasi safi, yenye mistari iliyonyooka, na vyumba vyote tulivyotaka vilikuwamo. Ngazi nayo ilikuwamo. Ilikuwa imebanwa katika pembe iliyobaki nyuma ya jiko, yenye vidato 15, nayo ilijipinda mara mbili kama mkia wa mjusi. Pale ilipojipinda, vidato vilichorwa kwa umbo la kipande cha mkate wa mviringo: upande mmoja mpana, upande wa pili umechongoka hata hapana mahali pa kuweka kisigino.

Nilichukua penseli nikapiga hesabu, nawe waweza kuifuata, maana haishindi hesabu za darasa lako. Kila kidato kina vipimo viwili. Cha kwanza ni kimo, yaani urefu ambao mguu huinuliwa. Cha pili ni kanyagio, yaani mahali unyayo unapotua. Kutoka sakafu ya chini hata sakafu ya juu katika ramani yetu palikuwa na sentimita 300. Gawanya 300 kwa 15, upate kimo cha sentimita 20. Kanyagio lake lilikuwa sentimita 22, na kiatu changu ni kirefu kuliko hivyo.

Yuko Mfaransa mmoja wa karne ya 17, jina lake François Blondel, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Chuo cha Kifalme cha Usanifu wa Majengo kilichoanzishwa Paris mwaka 1671. Bwana huyo aliutazama mwendo wa binadamu akaona kwamba kuinua mguu kwachosha mara mbili kuliko kuupeleka mbele. Kwa hiyo aliweka kanuni: chukua kimo mara mbili, ongeza kanyagio moja, jumla iwe sawa na hatua moja ya mtu katika ardhi tambarare. Yeye aliifanya hatua hiyo kuwa inchi 24 za Kifaransa cha zamani, ambazo ni karibu sentimita 65. Wajenzi wa leo wengi huchukua kati ya 60 na 64. Sasa ipime ngazi ya mchora ramani wetu: 20 mara mbili ni 40, ongeza 22, jumla 62. Yapita! Hapa ndipo nilipojifunza kutoiamini kanuni peke yake. Ngazi yaweza kutimiza kanuni ya Blondel na bado ikawa ya kupandia dari, maana kanuni yasema vipimo viwili vipatane, haisemi ni goti la nani litakalovibeba.

Goti lililokuwa mashakani lilikuwa la mama, basi nikaona afadhali kuliuliza lenyewe. Katika uwanja wetu palikuwa na matofali na vipande vya mbao. Nilipanga vidato vya namna tatu, vitatu vitatu: vya kimo cha sentimita 20, vya sentimita 17, na vya sentimita 15, kisha nikamwomba mama avipande, mimi nimesimama ubavuni pake. Alipanda vya kwanza akashika bega langu. “Mwanangu,” akasema, “hivi ni vya mgema.” Alipanda vya pili pole pole bila kunishika, akasema, “Hivi nitapanda nikitaka.” Alipanda vya tatu akateremka, akapanda tena, akasema, “Na hivi nitapanda hata nisipotaka.”

Usidhani kwamba vya tatu vilishinda mara moja. Kimo cha sentimita 15 chataka vidato 20. Ngazi iliyonyooka yenye vimo 20 ina makanyagio 19, kwa sababu kimo cha mwisho hukufikisha juu ya sakafu yenyewe. Na makanyagio 19 ya sentimita 30 ni mita 5 na sentimita 70. Hiyo ni karibu nusu ya nyumba. Kila sentimita unayoipunguzia goti waiongezea sakafu, na sakafu ni fedha. Baada ya kufuta na kuandika usiku kucha, nilikubali vidato 18, kila kimo sentimita 16 na theluthi mbili, na kanyagio sentimita 28. Jumla kwa kanuni ya Blondel ni 61 na theluthi. Mama alikuwa amesema vya 17 atapanda akitaka, na mimi namjua mama: kutaka kwake hakupungui.

Ngazi hiyo niliikata mikono miwili. Vidato tisa vyaenda mbele, kisha pana sakafu ndogo ya kupumzikia, ambayo mafundi huiita kituo, kisha vidato tisa vyarudi nyuma. Kituo hiki kina kazi tatu. Mzee hupata mahali pa kushusha pumzi bila kuona haya. Kitanda kinachopandishwa hupata mahali pa kugeuzwa. Na mtu akiteleza juu, huanguka vidato tisa wala si 18. Hili la tatu si la kudharau. Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu mwaka 2021 kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na walio wengi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Si wote waliouawa na ngazi, bila shaka; lakini ajuaye ngazi ajua kwamba hatari yake kubwa ni wakati wa kuteremka, wakati ambao mtu hudhani kazi imekwisha.

Hesabu ya nafasi ilikuwa hivi. Makanyagio manane kwa sentimita 28 ni mita 2 na sentimita 24. Ongeza kituo cha mita 1, upate urefu wa mita 3 na sentimita 24. Kila mkono una upana wa mita 1, na kati yake sentimita 10. Upana wote ni mita 2 na sentimita 10. Zidisha, nawe utaona ngazi imekula karibu mita 7 za mraba. Hicho ni chumba kidogo cha kulala, na kwa hakika chumba kimoja kilifutwa katika ramani.

Ndugu yangu alipoiona karatasi yangu alicheka. “Kaka,” akasema, “tunajenga nyumba au tunajenga ngazi?” Kisha aliacha kucheka akatoa shauri lake, nalo lilikuwa shauri zito. Yeye alitaka ngazi itoke nje ya nyumba, ishikamane na ukuta wa mashariki, ipande moja kwa moja mpaka mlango wa orofa ya juu. Sababu zake zilikuwa tatu, na sitazipunguza uzito. Kwanza, ngazi ya nje haili chumba. Pili, yeye anaoa, na bibi arusi hana raha kupita kila siku katikati ya sebule ya watu wengine akiwa na kikapu chake cha sokoni au machozi yake. Tatu, mambo ya dunia hayana dhamana: siku moja huenda tukahitaji kuipangisha orofa ya juu ili kulipa karo za watoto, na mpangaji hakubali kupita mlango wa mwenye nyumba. Nyumba nyingi za Mombasa zimejengwa hivyo, zina ngazi ubavuni, na ukiwauliza wenyewe watakuambia kodi ya juu ndiyo inayoikarabati nyumba ya chini.

Mimi nilijibu kwa hoja za ujenzi. Nilisema mvua za masika huzifanya ngazi za nje kuteleza kama sabuni, na kwamba upepo wa bahari una chumvi ambayo huingia katika nyufa za zege, ikazila nondo ndani kwa ndani mpaka zege likapasuka. Hayo ni kweli; lakini kwa fedha na uangalifu yana dawa. Sikuwa nimeifikia hoja iliyokuwa moyoni mwangu. Mama ndiye aliyeifikia. Alikuwa akichambua mchele, wala hakuinua macho.

“Wahenga walisema aliye juu mngoje chini,” akasema. “Lakini ngazi ikiwa nje, mimi nitamngoja mpaka lini? Wewe utarudi kazini, utapanda zako. Mkeo atakwenda sokoni, atapita zake. Tutasalimiana Idi hadi Idi kama majirani.”

Ndugu yangu akamwambia kwa heshima kwamba yeye mama atalala chini, wala hatakuwa na haja ya kupanda.

“Nitalala chini, ndiyo,” akajibu. “Na mkeo akijifungua, uji nitampelekea kwa kamba na ndoo?”

Tulicheka sote, lakini hatukupatana. Kwa siku kadhaa ramani ilikaa juu ya kabati wala hapana mtu aliyeigusa. Nataka ulielewe jambo hili, msomaji, kwa kuwa halimo katika vitabu vya ujenzi. Mahali pa ngazi palikuwa pakiamua kama tunajenga nyumba moja au nyumba mbili zilizobebana. Wala haikuwa vyepesi kusema lipi lilikuwa jema. Ndugu wengi wamelazimishwa kuishi katika mlango mmoja mpaka wakachukiana, ambao kama wangalipewa milango miwili wangalipendana mpaka kufa. Mke wangu mwenyewe, ambaye nilidhani ataniunga mkono, aliniambia usiku ule, “Usimfunge mke wa shemeji yangu kabla hajafika.” Kisha akaongeza, “Lakini na binti yetu naye, ningependa nijue ameingia saa ngapi.”

Jawabu tuliliona mahali ambapo tungalitazama tangu mwanzo, katika nyumba za kale za pwani yetu wenyewe. Niliwahi kukaa Lamu, mji ambao mwaka 2001 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na katika siku hizo nilipata kualikwa katika nyumba zake kadhaa. Nyumba kuu za Lamu ni za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Boriti hazina urefu mkubwa, ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba, upana wake haufiki mita 3. Ngazi zake, sitakuficha, ni kali. Goti la mama lisingalizipenda. Lakini tazama zilipowekwa. Mtu akitoka njiani hukuta daka, yaani kipaa cha mlangoni chenye mabaraza mawili ya mawe ambapo wenyeji huketi na kuzungumza. Akivuka mlango huingia tekani, ukumbi mdogo wa ndani. Hapo bado hajaiona nyumba. Kiwanda, ambao ni ua wa katikati, umefichwa na pembe ya ukuta. Na ni katika tekani hapo ambapo katika nyumba nyingi huanza ngazi iendayo sabule, chumba cha mgeni kilichoko juu. Mgeni aweza kuja, kulala, na kuondoka siku ya tatu, bila kuwaona wanawake wa nyumba wala wao kumwona. Na hata hivyo ameingia kwa mlango ule ule mmoja, mbele ya baraza ile ile, na aliyeketi barazani amemsalimu.

Kuna na jambo jingine la Lamu. Katika familia za waungwana wa kale, binti alipoolewa hakupelekwa kwa mumewe. Mume ndiye aliyekuja. Baba alimjengea binti yake nyumba karibu, au alimwongezea orofa juu ya ile ya wazazi, na mara nyingine akazifunga nyumba mbili kwa wikio, ambacho ni chumba au ujia unaopita juu ya njia kutoka ukuta huu hata ule. Basi swali letu halikuwa geni. Watu wale walijua karne nyingi zilizopita kwamba jamaa zinazokua hutaka kuwa pamoja na kuwa mbali kwa wakati mmoja, wakalijibu kwa mawe na chokaa.

Nilimwonyesha ndugu yangu haya kwa penseli. Niliiondoa ngazi nyuma ya jiko nikaileta mbele kabisa, ndani ya mlango mkuu, katika ukumbi mdogo tulioupunguza kutoka sebule. Mtu akiingia, mkono wake wa kuume una mlango wa nyumba ya chini, na mkono wake wa kushoto una ngazi. Bibi arusi hapiti sebuleni mwa mtu. Binti yangu hapandi juu bila kuupita mlango ambao mama yake husikia ukilia. Siku ya kupangisha, kama itafika, patatiwa mlango chini ya ngazi, na orofa ya juu itakuwa nyumba kamili. Na kila aingiaye, awe wa chini au wa juu, mwenyeji au mpangaji, atapita mbele ya baraza ambayo mama tayari amekwisha kuchagua upande wake wa kuketi.

Ndugu yangu aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Aliuliza upana wa huo mlango wa chini ya ngazi. Nikamwambia sentimita 90. Akasema, “Basi weka fremu yake tangu sasa, tusije tukavunja ukuta baadaye.” Nami niliona ni haki.

Baada ya hapo kazi ilirudi kwa fundi, na fundi wetu, mzee mwashi ambaye amemimina ngazi tangu ujana wake, alitufundisha mambo ambayo karatasi haiyasemi. Alisema adui wa ngazi ni kidato kimoja kisicholingana na wenzake. Mguu, baada ya kupanda vidato viwili vitatu, haukiangalii tena cha nne. Umekwisha kukariri kimo, na ukikuta sentimita mbili zimezidi au zimepungua, mtu hujikwaa hata akiwa na macho mazima. Kosa hili, akasema, huingia wakati wa kutia sakafu. Wewe wamimina ngazi yako kwa vimo sawa kabisa. Kisha sakafu ya chini na ya juu zatiwa udongo wa saruji na vigae, zinainuka sentimita 5. Lakini juu ya vidato hutiwa vigae vyenye udongo kidogo, navyo vyainuka sentimita 2 tu. Fanya hesabu: kidato cha kwanza kimepungua sentimita 3, na cha mwisho kimezidi sentimita 3. Wenyeji watajikwaa hapo miaka 30 bila kujua sababu. Fundi wetu alikizidisha cha kwanza na kukipunguza cha mwisho kabla ya kumimina zege, nasi tulioona mbao zake tukadhani amekosea, mpaka alipotueleza.

Kishikizo alitaka kiwe pande zote mbili, kwa sababu mama hupanda na kuteremka kwa mkono ule ule mmoja kulifuata goti lake. Na kiwe cha mviringo, chembamba kiasi cha kuzungukwa na vidole, maana ubao mpana wapendeza macho lakini haushikiki mtu anapoteleza. Nguzo za chuma zilizo chini yake zisimame wima, wala zisilale, kwa kuwa mtoto wa miaka 3 akiona vyuma vilivyolala huviona ni ngazi nyingine. Nafasi kati ya nguzo na nguzo isizidi sentimita 10, kichwa cha mtoto kisipite. Dirisha liwe kituoni ili mchana ngazi isihitaji taa hata umeme ukikatika, na swichi ziwe mbili, moja chini na moja juu. Chini ya kituo patabaki mahali penye kimo cha mita moja na zaidi kidogo, ambapo mke wangu amekwisha kupagawia ndoo, mafagio na baiskeli.

Upana wa mita 1 nilijaribu kuupunguza uwe sentimita 80, ili sebule ipate nafuu. Fundi hakubishana. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini ili mama asisikie, “Bwana, na jeneza je?” Watu wanne wenye kubeba hawageuki katika sentimita 80. Upana ulibaki mita 1, nalo shauri hilo halikuzungumzwa tena.

Jambo moja dogo lilimfurahisha mama kuliko yote. Vitruvius, Mrumi aliyeandika habari za ujenzi katika karne ya 1 kabla ya Kristo, alishauri kwamba vidato vya hekalu viwe witiri, ili mtu aanzaye kwa mguu wa kuume afike juu kwa mguu huo huo wa kuume. Mikono yetu miwili ina vidato tisa kila mmoja. Sikuipanga hivyo kwa sababu ya Mrumi. Ni hesabu tu iliyotokea. Lakini nilipomweleza mama, alihesabu kwa vidole mara mbili, kuume, kushoto, kuume, mpaka tisa, akaona ni kweli, akasema kwamba ngazi hii imejengwa na watu waliolelewa.

Zege lilimiminwa siku ya Jumamosi, kuanzia alfajiri, na watu wakabeba karai mpaka alasiri. Fundi amekataza mtu yeyote kupanda mpaka magogo ya chini yaondolewe. Mama ameweka kiti chake mlangoni, naye ndiye mlinzi. Mjukuu wake mdogo amekwisha kurudishwa mara nyingi kutoka kidato cha kwanza. Fremu ya mlango wa chini ya ngazi imesimama ukutani, imepigwa rangi ya kwanza. Mlango wenyewe haujanunuliwa. Ndugu yangu asema atautafuta baada ya arusi, na mama amemwambia hapana haraka.